Barakoa Tatu za Baba Pacha

3 Machi

Wifi,

Sikuandikii kwa kupenda. Ndugu yako ndiye kaomba tuandikiane, maana anasema kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Mara ya mwisho ulinikatia wewe. Karatasi haikatwi, basi isome mpaka chini ndipo uichane.

Ndani ya boksi alilokuletea kondakta kuna mashine ya mume wangu ya kumsukumia hewa akiwa amelala. Aliiacha uvunguni mwa kitanda alipokuja kwako kuanza kazi ya basi la wafanyakazi wa kiwanda cha vigae. Anasema alisahau. Mtu aliyekumbuka kubeba hadi kopo la kiwi la viatu hawezi kusahau mashine yenye ukubwa wa mkate mzima.

Iweke juu ya stuli, sakafuni itavuta vumbi. Maji ya kwenye kitangi chake yachemshwe kwanza, yapoe. Barakoa ni hiyo kubwa, inafunika pua na mdomo. Mkanda mmoja unapita juu ya masikio, mwingine chini yake. Aivae kila anapolala, hata akijinyoosha mchana. Asubuhi ioshwe kwa maji na sabuni kidogo, kwa sababu mafuta ya uso yanaifanya iteleze. Yeye haya yote anayajua. Nakuandikia wewe kwa vile nyumba ni yako, na kwako hata kijiko hakihami bila wewe kutoa ruhusa.

Pacha hawajambo. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Mama Pacha


9 Machi

Mama Pacha,

Shikamoo nimeifikisha, na mama kaitikia marahaba. Mimi sikuona yangu. Labda iliangukia njiani.

Mashine imefika na barakoa nimeiona. Wifi yangu, kama ulimchoka mume ungesema, tungekuja kumchukua kwa heshima. Hukuwa na haja ya kumvika hatamu. Usiku wa kwanza mama aliamka kwenda uani, akapita mlangoni kwa mwanawe, akamwona na lile dude usoni kama wale wanaopuliza dawa ya mende. Alipiga ukelele mpaka mpangaji wa chumba cha nje akatoka na fimbo. Tangu hapo mama halali vizuri.

Tena lina kelele. Kaka anasema ni la kunyamazisha kukoroma, mbona lenyewe linafoka? Ukuta kati ya chumba cha kaka na cha mama ni wa mbao. Hewa inatoka pembeni mwa mashavu inapiga mluzi, na kule mbele kwenye vitundu inatoka ssss, kama mtu anayepuliza moto usiowaka. Asubuhi kaka anaamka na alama puani na mashavuni kama aliyelala juu ya kamba za kitanda. Basini wamemuuliza kama ana mke mkali. Nasikia akawajibu ndiyo.

Mimi ni fundi, sikai nikilalamika. Mikanda nimeifumua, nikaipunguza, nikaishona upya kwa cherehani, sasa imembana sawasawa. Vile vitundu vya mbele nimevibandika plasta. Ssss imekwisha. Ungeniuliza mapema ungeokoa nauli ya boksi.

Lakini nikuulize mimi sasa. Uliolewa na mwanaume anayekoroma, na ulijua. Wenzake wanamwita Ngurumo tangu yuko kijana. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akikoroma bati linatikisika, na mama hakuwahi kumfunga mdomo. Alilala naye chumba kimoja mpaka siku mzee alipolala usingizi wake wa heri asiamke tena. Huyo ndiye mke.

Dada wa mumeo,
Fundi


12 Machi

Fundi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mbele ya tanuri, nikaunguza trei mbili za mikate. Toa hiyo plasta. Ukisoma mstari huu, weka karatasi chini, nenda katoe plasta, ndipo urudi kusoma mengine.

Vile vitundu ndivyo anavyotolea hewa chafu. Mashine inasukuma hewa ndani, na ile anayopumua inatokea hapo. Ukiviziba unamrudishia uchafu wake mwenyewe kifuani usiku kucha. Mtu mwenye akili timamu, anayeshona sare za watoto wa watu, anaona kitundu kwenye chombo cha hospitali anakibandika plasta kama ndoo inayovuja.

Na mikanda hiyo hukuipunguza, uliiharibu. Haivutwi kwa nguvu. Anayevaa analala chali, mashine ikiwa inapuliza, ndipo anaiachia kidogokidogo mpaka ule mpira laini unapojazwa hewa na kukaa wenyewe usoni. Ukiubana unakunjamana, na penye mkunjo ndipo hewa inapopigia mluzi. Hata hivyo kosa kubwa ni zile ndevu. Mpira haushiki juu ya ndevu. Nilimwambia anyoe, akasema ndevu ni za baba yake. Baba yake alimwachia mengi, angechagua jingine la kumkumbukia.

Nimerudi duka la vifaa vya hospitali kwa ajili ya kichwa chako kigumu. Mama mwenye duka kanitolea barakoa tano, nimezivaa zote mimi mwenyewe mbele ya wateja, kila moja naweka kiganja mbele yake nisikie inavyopuliza. Nimekuchagulia iliyo kimya kuliko zote. Ni vipira viwili vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya pua, basi. Haifuniki mdomo, haigusi ndevu, mama hataogopa. Kaniuliza pua ya mgonjwa ni ya kipimo gani. Nikamwambia ni pua ya ukoo wao, nipe kubwa.

Iko humo ndani ya bahasha ya kaki. Usiishone.

Mama Pacha


19 Machi

Mke wangu mpenzi,

Natumai u mzima na pacha wangu wazima. Mimi huku ni buheri wa afya.

Nakuandikia kukushukuru kwa ile barakoa ndogo. Nzuri sana. Naivaa kila siku, nalala kama mtoto mchanga, asubuhi naamka mwepesi, hata msimamizi wa magari kaniambia siku hizi uso wangu umeng'aa. Dada naye ametulia, haina kelele. Naona mmeanza kuelewana, jambo ambalo nimeliombea siku nyingi.

Kazi ni nzuri. Nawachukua wafanyakazi wa zamu ya alfajiri, nawarudisha wa usiku, halafu mchana napumzika. Barabara ni ya lami mpaka getini. Usiwe na wasiwasi wowote.

Waambie pacha baba anakuja likizo.

Wako,
Baba Pacha


21 Machi

Mama Pacha,

Ile ya kaki imefika. Kimya ni kimya, sikatai, hapo hukudanganya. Lakini kaka kaivaa siku moja tu. Aliamka mdomo umekauka kama gome, ulimi umeshikamana na kaakaa, akasema hewa inaingia puani na kutokea mdomoni. Akaivua, akaitupa kitandani. Siku ya pili hakuivaa. Ya tatu vilevile.

Nikamkalisha, nikamuuliza kama dada mkubwa: "Kaka, hiki kitu ni cha nini hasa?"

Akacheka akasema, "Ah, dada, ni kwa ajili ya kelele tu. Mke wangu anaamka mapema kwenda kuoka mikate, anachoshwa na kelele zangu."

Nikamuuliza, "Na hapa kwangu, kelele zako zinamwamsha nani?"

Akasema, "Hakuna."

Basi nimeichukua mashine pamoja na takataka zake zote nimezifungia kabatini, na ufunguo ninao shingoni. Hapa si kwako. Hapa mwanaume anakoroma kwa nafasi yake. Ulimkimbiza na kelele zake akaja kutafuta kazi mbali na watoto wake, nasi tukampokea. Sasa unataka kumfuata mpaka kitandani kwetu. Haiwezekani. Ukitaka ukimya, wewe una nyumba nzima sasa, lala.

Wala usiniletee ya tatu.

Fundi


24 Machi

Wifi,

Nimeipata barua yako na ya mume wangu, nikaziweka mezani pamoja. Anasema analala na barakoa kama mtoto mchanga. Wewe unasema iko kabatini na ufunguo uko shingoni mwako. Wewe una mdomo mchafu lakini uongo hujui, kwa hiyo nimekuamini wewe.

Sasa nisikilize. Si kelele. Ingekuwa kelele ningetia pamba masikioni.

Ndugu yako akilala, pumzi inakatika. Anakoroma, anakoroma, kisha kimya, kifua kinajitahidi na hakuna kinachoingia, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anaanza tena. Usiku kucha. Walimlaza hospitali na nyaya kichwani na kifuani, daktari akatuonyesha asubuhi. Alisema moyo wake unafanya kazi ya punda. Alisema mtu wa namna hii halali hata akikaa kitandani siku nzima, ndiyo maana usingizi unamvamia mchana, popote alipo, hata mikononi akiwa na usukani.

Hukujua kwa nini aliacha kazi ya lori la maziwa. Sikumkimbiza mimi. Alisinzia asubuhi kweupe, lori likaingia ukutani kwenye kituo cha mafuta. Hakuumia mtu. Maziwa yalitiririka mtaroni, mbwa wa mtaa mzima wakaja kunywa. Wenye lori waliomba aondoke kimyakimya na wao wasiseme, na yeye akaona ni bahati. Akaja huko mahali asipojulikana, akapewa basi.

Aliniapia atakwambia yote mwenyewe. Alinikataza nisimwambie mama, kwa sababu ya habari za mzee. Nilidhani wewe unajua na unafanya kiburi tu.

Fungua kabati leo.

Mama Pacha


2 Aprili

Mama Pacha,

Sikukuamini. Niliposoma nilisema huyu mwanamke ametunga, anataka ufunguo wangu. Kwa hiyo sikufungua kabati siku ile. Nilingoja kaka arudi kupumzika mchana, nikachukua kiti na suruali za wanafunzi nilizokuwa nazipinda, nikakaa mlangoni kwake.

Alikoroma kama kawaida. Sikuwahi kusikiliza, wifi. Mtu hasikilizi mvua juu ya bati lake. Nikawa napinda suruali, mara nikasikia kimya. Nikatazama. Kifua kinapanda, tumbo linavutwa, mdomo wazi, na hewa haiendi. Nilijichoma sindano. Nilikuwa nimeshasimama kumwita ndipo akashtuka, akavuta pumzi, akaendelea. Hakuamka. Halafu ikawa tena.

Mama alikuja na bakora yake, akasimama nyuma yangu. Hakuuliza nafanya nini. Akasema, "Baba yenu alikuwa hivihivi. Nilikuwa nampiga kiwiko anavuta pumzi."

Nikamuuliza, "Mama, na siku ile?"

Akasema, "Siku ile nililala fofofo. Nilikuwa nimefua mablanketi kutwa."

Kisha akaenda zake kukaa uani. Miaka yote tunajisifu kwamba mzee wetu alikufa usingizi wa heri. Jirani akifiwa na mgonjwa wa muda mrefu, sisi tunasema, wetu hakuteseka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha chini ya sifa.

Nimefungua kabati. Lakini usikae ukadhani barua hii ni ya kukuomba radhi. Kuna neno lako moja nimelisoma mpaka macho yameniuma: "akapewa basi." Wewe ulijua. Ulijua anasinzia kwenye usukani, ulijua ameacha mashine uvunguni, na ulijua kwamba kila alfajiri anapakia watu wenye watoto kama wako. Ukaniandikia mimi habari za maji ya kuchemsha. Kwa nini hukumwandikia mwenye basi? Kwa sababu mshahara unaingia. Nami ningefungwa mdomo na mshahara uleule, labda, lakini hukunipa hata nafasi ya kujaribiwa.

Basi nimefanya nilivyofanya. Nilimwambia kaka avae barakoa au aseme ukweli kazini. Alinijibu nisimfanye mtoto. Asubuhi nilipanda naye basi mpaka kiwandani, nikaketi nyuma ya kiti chake. Nilimwona kwenye kioo akijipiga kofi la shavu ili akae macho. Tulipofika getini nikashuka, nikaenda kwa msimamizi wa magari, nikasema yote, kaka mwenyewe akiwa amesimama hapo.

Amevuliwa funguo za basi. Hajafukuzwa, amepewa kazi ya kuosha magari na kutunza stoo ya matairi mpaka alete karatasi ya daktari. Siku hiyohiyo alichukua nguo zake akahama. Amepanga chumba nyuma ya karakana. Mashine ameiacha. Mama hali chakula.

Fundi


5 Aprili

Fundi,

Ulimsimamisha mwanaume mbele ya bosi wake ukamvua nguo. Hata adui hungemfanyia hivyo, achilia mbali kaka yako wa tumbo moja. Unajua mshahara wa mwosha magari? Unajua pacha wanakula nini? Huna mtoto unayemtafutia sare, unashona za watoto wa wengine, kwa hiyo ni rahisi kwako kuwa mtakatifu.

Unaniuliza kwa nini sikumwandikia mwenye basi. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, wewe ulikuwa wapi? Mimi ndiye niliyekwenda dukani mara mbili. Nilisema, akivaa atalala, akilala ataendesha vizuri, hakuna haja ya mtu kujua. Nilitaka aponywe pasipo kuaibishwa. Kosa liko wapi? Kama kuna kosa ni kwamba nilimtuma mtu kuwa macho yangu, naye akaziba vitundu.

Na sasa hata hiyo mashine anayo nani? Wewe. Kiko wapi ulichookoa? Analala peke yake nyuma ya karakana, hakuna wa kumpiga kiwiko. Umeokoa abiria, umemwacha kaka yako.

Sitaki jibu.

Mama Pacha


11 Aprili

Kwa mke wangu na kwa dada yangu,

Hii nimeiandika mara mbili kwa mkono, neno kwa neno, kila mmoja apate yake, asije mtu akasema mwenzake kaambiwa zaidi.

Mmenitumia mabarua yenu, kila mmoja akinieleza ubaya wa mwingine. Nimeyasoma nikiwa nimekaa juu ya tairi. Ndani yake mimi napitishwa kama mzigo. Mmoja ananishikia mkanda, mwingine anashika mpira, mmoja anasema nyoa, mwingine anabana. Hamkuniuliza hata mmoja ninavyosikia nikivaa.

Sasa nawaambia. Ile kubwa ikinifunika pua na mdomo pamoja, naona kama mtu amenibana uso kwa mto na kunikalia kifuani. Moyo unanienda mbio, natamani kutoka nje hata kama sina nguo. Niliona aibu kusema kwamba mwanaume mzima, niliyepita na lori kwenye makorongo, naogopa kitu cha plastiki. Ile ndogo ilikuwa na nafuu, haikunifunika, ila mdomo ukilala unafunguka wenyewe, hewa inatoka kama puto lililotobolewa. Nami nalala ubavu, najigeuza, ule mpira mrefu wa kuletea hewa unaotokea mbele unanizunguka shingoni. Mke wangu ulizivaa tano ukiwa umesimama dukani. Mimi silali nimesimama.

Nimewadanganya wote wawili, nalijua hilo. Daktari alipotamka pumzi kukatika nilimwona baba kitandani, asubuhi ile, na mama akimwita. Nikaona nikilisema kwa sauti linakuwa kweli. Nikisema ni kelele, linakuwa jambo la kucheka.

Dada, ulinivunja mbele za watu na sijakusamehe. Lakini siku tatu kabla ya hapo niliamka nikiwa naendesha, na nilikuwa nimeshaivuka reli iliyo njiani kwenda kiwandani. Sikumbuki kuivuka. Nyuma walikuwa wamejaa mpaka mlangoni.

Mke wangu, mshahara utapungua. Tutakula kidogo.

Niacheni nikachague mwenyewe. Huku mjini nako kuna duka la vifaa vya hospitali. Atakayekuja nami ni mama, kwa sababu yeye ndiye mwenye masikio na ndiye anayelala upande wa pili wa ukuta. Wengine mkae majumbani kwenu.

Ngurumo


26 Aprili

Mama Pacha,

Ulisema hutaki jibu, lakini hili si jibu, ni habari.

Kaka alimpitia mama Jumamosi. Mimi sikualikwa. Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje ya duka kama mtu anayesubiri kutobolewa masikio, mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona.

Muuzaji ni kijana wa kike, mpole. Kaka alimwambia kabla hata hajakaa, "Naogopa kufunikwa mdomo." Alisema hivihivi, mbele ya watu. Yule binti hakucheka. Akamwambia wako wengi. Akamlaza kwenye kitanda cha kupimia, akawasha mashine ikapuliza kwa nguvu ileile aliyoandikiwa na daktari, akamwambia ageuke kama anavyogeuka nyumbani. Kila barakoa alilala nayo chali, kisha ubavu huu, kisha ule. Mama alikalishwa kwenye kiti karibu na kichwa chake.

Ya kwanza mama akasema, "Hii inapiga mluzi." Ya pili akasema, "Hii inanong'ona kama watu wanaosengenya, sitalala, nitataka kusikia wanamsema nani." Watu wote dukani walicheka, kaka naye. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aje.

Waliyochukua ni ya pua tu. Inakaa juu ya pua kama kikombe kidogo, mdomo uko huru, na ule mpira mrefu wa hewa unatokea utosini, akijigeuza haumzunguki shingoni. Vitundu vyake ni vidogo vingi, hewa inatawanyika. Mama aliinamisha sikio, akauliza, "Imewashwa?" Ndevu zimebaki. Zilizoondoka ni masharubu, yalikuwa yanapitisha hewa chini ya pua. Mama alimwambia hata baba yako hakuwa na masharubu mabaya kama hayo. Kwa ajili ya mdomo kuna mkanda laini wa kidevu. Kaka alinitazama kule kwenye benchi, akamuuliza yule binti kama unaweza kupunguzwa na fundi. Binti akasema huo ndio pekee unaoruhusiwa. Nimeupunguza. Nilimpimia mara nne.

Amerudi nyumbani. Hatujapatana, tunasalimiana. Alitaka kuitupa ile barakoa kubwa ya kwanza, akazuiwa na mama, anasema kitu cha pesa hakitupwi. Msimamizi amesema daktari akiandika kwamba amelala vizuri kwa muda wa kutosha, funguo atarudishiwa. Asubuhi anaamka kabla ya kuamshwa. Juzi alikuja kwenye cherehani yangu akaketi, akazungumza nami mpaka nikamaliza kola sita, hakusinzia. Nilikuwa nimesahau kwamba kaka yangu ni mtu wa kuzungumza.

Uliyoniandikia kuhusu mtoto nimeyasoma. Hayo tutayamaliza ana kwa ana, usidhani nimeyasahau.

Lakini kuna jambo moja, na sina wa kumuuliza ila wewe. Nyumba sasa imenyamaza. Haisikiki ngurumo wala mluzi. Nami silali. Nalala nikisikiliza, sisikii kitu, naona amekufa, naamka kwenda kumtazama. Nikifika mlangoni namkuta mama ameshafika. Tunatazamana kama wezi. Jana tulikwenda hivyo mpaka alfajiri, yeye kaamka mzima, sisi wawili ndio tunaosinzia juu ya chai.

Wewe ulilala na pumzi hizo miaka yote ya ndoa yako, na asubuhi ukaenda kukanda unga. Ulikuwa unafanyaje?

Fundi


30 Aprili

Wifi,

Nilikuwa silali. Niliwaambia wenzangu tanurini kwamba ni pacha wanaonisumbua, na pacha wana miaka tisa.

Habari ya mtoto nilisema vibaya. Haikuwa yangu kuisema. Mengine yote niliyokuandikia yanabaki palepale, na ya plasta nitakukumbusha mbele ya watu mpaka uzeeke.

Shule zikifunga tunakuja, mimi na pacha. Usinitandikie chumba cha wageni. Nitalala na mume wangu, nina hamu ya kusikia huo ukimya.

Kwa sasa usisikilize. Masikio yatakudanganya, barakoa nzuri haisikiki. Simama mlangoni, utazame blanketi usawa wa kifua. Likipanda na kushuka, mshike mama mkono, mrudishe kitandani kwake, nawe ukalale.

Mama Pacha